Kitabu Kinachouzwa na Kitabu Kinachogawiwa

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Julai 21, 2007, maduka mengi ya vitabu ya Uingereza na Marekani hayakufunga milango. Foleni zilikata kona za mitaa: watoto ndani ya majoho meusi na miwani ya duara, wazazi wakipiga miayo, wote wakisubiri itimie saa sita na dakika moja. Maboksi yalikuwa yamelindwa kama mitihani ya taifa. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha saba na cha mwisho cha Harry Potter. Saa 24 baadaye Wamarekani walikuwa wameshanunua nakala milioni 8.3, na Waingereza milioni 2.65.

Siku kama hiyo ndiyo humfanya mtu aulize swali ambalo wengine hawapendi hata kulisikia: je, mvulana huyu mwenye kovu la radi kwenye paji la uso amekuwa maarufu kuliko vitabu vitakatifu? Ulinganisho wa aina hii umewahi kuwaunguza watu. Machi 1966, John Lennon wa kundi la Beatles alimwambia mwandishi wa gazeti la Evening Standard la London kwamba wao kwa wakati ule walikuwa maarufu kuliko Yesu. Uingereza hakuna aliyeshtuka. Miezi michache baadaye maneno yale yakachapishwa tena Marekani, na hapo ndipo redio za majimbo ya kusini zilipoacha kupiga nyimbo zao, vijana wakaalikwa walete sahani zao za santuri zitiwe moto.

Lennon alikuwa anapiga soga tu. Kwa upande wa vitabu kuna nakala za kuhesabiwa, na hiyo ndiyo sababu ubishi wake hunoga. Lakini nakala hizo zenyewe ndizo zinazotupoteza.

Guinness World Records wanakadiria kwamba Biblia zilizokwisha kuchapwa ni kati ya bilioni 5 na bilioni 7. Tazama pengo hilo. Kati ya kadirio la chini na la juu kuna bilioni mbili, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya mauzo yote ya Harry Potter, yaliyovuka nakala milioni 600 mwaka 2023. Kwa maneno mengine, mvulana wetu na shule yake nzima ya wachawi wanaweza kupotea ndani ya shaka ya wahesabuji wa Biblia na asijue mtu kama wamepotea.

Halafu kuna hila ndogo. Aliyesoma hadithi ya Harry Potter mwanzo hadi mwisho amehesabiwa mara saba, kwa kuwa imegawanywa katika vitabu saba. Ukigawa milioni 600 kwa saba unabaki na seti zisizofika milioni 86. Biblia, kwa upande wake, ni vitabu 66 kwa Waprotestanti na 73 kwa Wakatoliki, vyote ndani ya jalada moja, vikihesabiwa kuwa nakala moja. Muuzaji yeyote wa riwaya angemshauri Musa auze vitabu vyake vitano kimoja kimoja.

Mtetezi wa riwaya atasema hayo ni maonevu, maana Biblia imeanza zamani. Ni kweli. Johannes Gutenberg alichapa Biblia yake mjini Mainz karibu na mwaka 1455, nakala zipatazo 180. Kampuni ya Bloomsbury ya London ilipotoa kitabu cha kwanza cha J. K. Rowling mnamo Juni 1997, ilichapa nakala 500 za jalada gumu, na nyingi zilikwenda maktaba. Wote wawili walianza na mzigo wa kubebwa kwa gari moja, ila mmoja alitangulia kwa zaidi ya miaka 540. Basi tupime kwa mwaka. Nakala milioni 600 katika miaka 26 ni wastani wa milioni 23 kila mwaka. Vyama vya Biblia vilivyo chini ya umoja wao wa kimataifa, bila kugusa wachapishaji wa kibiashara, vilikuwa vikisambaza Biblia kamili kati ya milioni 30 na 40 kwa mwaka katika miaka ya kabla ya korona. Hata kwa kipimo hicho kitabu cha zamani kinaongoza.

Kwa nini basi hakionekani kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa zaidi? Kwa sababu hakiruhusiwi kushindana. Orodha mashuhuri ya New York Times huviacha nje vitabu vinavyouzwa mwaka nenda mwaka rudi, na Biblia ni mojawapo. La kuchekesha ni kwamba Julai 2000 gazeti hilohilo lilianzisha orodha ya pekee ya vitabu vya watoto, baada ya Harry Potter kukaa juu ya orodha ya riwaya za watu wazima muda mrefu hadi wachapishaji wengine wakalalamika. Kitabu kimoja kilitolewa uwanjani kwa kuwa hakishuki, kingine kikahamishiwa uwanja wa watoto kwa kuwa hakishindiki.

Hadi hapa tumehesabu makaratasi, na makaratasi hayasemi nani alilipa. Nadhani hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Nakala ya Harry Potter ina mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi huyo ndiye msomaji, au mzazi wake, au shangazi aliyekumbuka siku ya kuzaliwa. Nakala ya kitabu kitakatifu mara nyingi ina mtoaji. Mwaka 1899, huko Wisconsin nchini Marekani, wachuuzi wasafiri walioona adha ya kulala hotelini peke yao walianzisha chama cha Gideons. Mwaka 1908 wakaweka Biblia zao za kwanza katika vyumba vya hoteli moja ya mji mdogo wa Superior, jimbo la Montana. Tangu hapo wamegawa Biblia na Agano Jipya zaidi ya bilioni 2, bure, zikilipiwa na michango ya waumini. Fungua droo ya kando ya kitanda katika hoteli nyingi duniani, utaikuta. Hakuna chama kilichowahi kujitolea kuacha riwaya kama The Hobbit ya Tolkien humo.

Kiwanda cha Amity kilichoko Nanjing, China, kilichojengwa kwa msaada wa vyama vya Biblia, kilianza kazi miaka ya 1980, na kufikia mwaka 2019 kilikuwa kimechapa Biblia milioni 200. Hapo tunazungumzia nchi inayotawaliwa na chama kisichoamini Mungu, na bado mitambo yake inalisha makanisa ya nchi nyingi. Vyama vya Biblia vina kanuni ya zamani: bei ifuate mfuko wa mnunuzi wa mahali pale, na wafadhili walioko mbali wajaze pengo. Mwandishi hadai mrabaha, wala hana wakala wa kudai kwa niaba yake.

Kwa Waislamu utoaji huo una jina na hukumu zake: wakfu. Kagua misahafu kwenye rafu ya msikiti wowote wa Dar es Salaam au Mombasa, utakuta mingi imetoka Madina, kwenye jumba la uchapaji la Mfalme Fahd lililozinduliwa mwaka 1984, linalotoa mamilioni ya nakala kila mwaka. Iliyowekwa wakfu haiuzwi. Mahujaji wamekuwa wakipewa wanapoondoka, na wakifika nyumbani humpa jirani, au huiacha msikitini ili thawabu iendelee. Maandishi yake ni ya khatati mmoja, Uthman Taha kutoka Syria. Sijui mwandiko wa mkono wa binadamu mwingine uliofika katika nyumba nyingi kuliko wake, lakini jina lake halijulikani hata kwa wengi wanaousoma kila siku.

Ukiweka mambo hayo pamoja, ushindani wenyewe unabadilika sura. Mmoja anapimwa kwa hamu ya kupata, mwingine kwa hamu ya kutoa. Mtu aliyesimama foleni usiku wa manane mwaka 2007 alitaka kujua nani atakufa mwishoni. Mzee anayenunua misahafu ishirini apeleke chuoni kwao Pemba anajua kilichomo tangu akiwa mtoto.

Kumiliki, hata hivyo, si kusoma. Kampuni ya maoni ya Harris ilipowauliza Wamarekani mwaka 2014 kitabu wanachokipenda kuliko vyote, Biblia ilishika nafasi ya kwanza, Gone with the Wind ya pili, Harry Potter ya tatu na The Lord of the Rings ya nne. Lakini ripoti ya Chama cha Biblia cha Marekani ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wanaoifungua Biblia wenyewe, nje ya ibada, angalau mara tatu au nne kwa mwaka walikuwa wameshuka kutoka nusu ya watu wazima hadi karibu asilimia 40. Mara tatu kwa mwaka! Msomaji wa Harry Potter mwenye miaka kumi na tatu angeona aibu kuitwa mpenzi wa kitabu kwa kiwango hicho.

Sasa geuka utazame upande usiohitaji karatasi. Mwislamu anayetimiza swala tano husoma Suratul Fatiha mara 17 kwa siku katika rakaa za faradhi peke yake. Aya saba, bila kufungua kurasa. Watoto wa pwani hufika juzuu ya Amma kabla hawajajua kuandika insha, na aliyehifadhi juzuu zote 30 hana haja ya kununua chochote. Mashindano ya kuhifadhi Qurani yamewahi kufanyika Dar es Salaam ndani ya Uwanja wa Taifa wenye viti 60,000, mahali palipojengwa kwa ajili ya mpira. Kanisani nako, bibi asiyejua kusoma anaweza kukumalizia zaburi uliyoianza, kwa kuwa ameisikia kila mwaka ikizunguka katika masomo ya Jumapili. Hakuna orodha ya mauzo itakayomwona bibi huyo.

Mashabiki wa riwaya wamelitambua hilo, na baadhi wameliiga. Mwaka 2016 wahitimu wawili wa shule ya dini ya Chuo Kikuu cha Harvard, Vanessa Zoltan na Casper ter Kuile, walianza kipindi cha kusikiliza mtandaoni ambacho kiliipitia Harry Potter sura kwa sura, wakitumia namna ya kusoma ya watawa wa Kikatoliki: unachukua sentensi moja, unaitafakari polepole, unauliza inakudai nini maishani. Wasikilizaji wakaunda vikundi vya kukutana. Kama unaona hiyo inafanana na jumuiya ndogondogo, hujakosea. Wenyewe walisema wazi kwamba hawadai kitabu kile kimeshuka kutoka mbinguni. Utakatifu, kwa maoni yao, unakuja kwa namna ya kukisoma.

Waumini wengine hawakuwa na subira hiyo. Desemba 30, 2001, kanisa moja la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, liliwasha moto na kuvitupa humo vitabu vya Harry Potter. Machi 2019 mapadri wa parokia moja ya Poland walifanya vivyo hivyo, kisha mmoja wao akaomba radhi. Katika miaka ya 2000 hadi 2009 mfululizo huo ndio ulioongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi. Wa Alamogordo walichoma kabla kitabu cha saba hakijatoka; wa Poland, nashuku, hawakukifikia. Harry anapolitembelea kaburi la wazazi wake, jiwe limeandikwa maneno yatokayo Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15. Na kaburi la jirani, la ndugu wa mwalimu wake mkuu, lina maneno ya Injili ya Mathayo, sura ya 6. Huenda hao wa Poland walichoma Maandiko bila kujua.

Wala Rowling si wa kwanza. C. S. Lewis aliandika vitabu saba vya Narnia kati ya 1950 na 1956 akiwa na simba anayekufa kwa kosa la mwingine na kufufuka, na hakujaribu kumficha mtu anamaanisha nani. Rafiki yake J. R. R. Tolkien, Mkatoliki wa kila asubuhi, aliona The Lord of the Rings kuwa kazi ya Kikatoliki moyoni mwake. Mtu huyohuyo aliyebuni lugha za majini ya msituni alishiriki katika tafsiri ya Kiingereza ya Biblia ya Jerusalem iliyotoka mwaka 1966. Kitabu cha Yona kilipita mikononi mwake. Kuwapanga Tolkien na Biblia kama mahasimu ni kuwagombanisha watu wa nyumba moja.

Sisi huku pwani tulilijua hilo kabla yao. Utenzi wa Rasi 'lGhuli, uliotungwa na Mgeni bin Faqihi wa Bagamoyo katika karne ya 19, una beti zaidi ya 4,000 za Masahaba wakipambana na mfalme wa kutisha, panga, wachawi na miujiza mtindo mmoja. Ulighaniwa mbele ya watu waliotoka kuswali Isha, na hakuna aliyewauliza kama wamekuja kwa dini au kwa hadithi. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alichukua kisa chenye asili ya Alfu Lela Ulela, ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa husuda yao, akakivika mawaidha ambayo sheikh na padri wote wangeyasaini.

Lakini ukitaka kuona nguvu ya mtoaji, fuata safari ya tafsiri. Mmisionari Ludwig Krapf alianza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka 1844, mwaka uleule alipofika, akisaidiwa na kadhi wa mji. Askofu Edward Steere akaendeleza kazi Unguja, na Biblia kamili ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kufa kwake. Ya Kimvita ikafuata mwaka 1914. Ya Muungano, ile ambayo wengi wetu tunaisikia masikioni hata tukiwa hatuendi kanisani, ikatoka mwaka 1952. Watu walitumia umri wao wote humo, na jumuiya za ng'ambo zikalipa wino.

Qurani ilipita njia yenye ugomvi zaidi, na ugomvi ukaisaidia. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na kasisi wa Kianglikana wa Zanzibar, Godfrey Dale. Mtu anaweza kubuni jinsi masheikh walivyoipokea. Mwaka 1953 Waahmadiyya wakatoa yao Nairobi. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye hakuridhika na yoyote kati ya hizo, akakamilisha Qurani Takatifu iliyotoka mwaka 1969, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani akaongeza yake baadaye. Kila aliyefasiri alikuwa na wa kujibizana naye na alikuwa na wa kumgharimia.

Harry Potter amefasiriwa katika lugha zaidi ya 80. Kipo Kiafrikana. Kipo Kiwelshi. Kilatini, lugha isiyo na mtoto hata mmoja anayenyonya nayo, kilipata chake mwaka 2003, na Kigiriki cha kale mwaka uliofuata. Kiswahili, ambacho UNESCO inakihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200, hakina tafsiri rasmi. Si kwamba hadithi za ajabu zinatushinda: Alisi wa Lewis Carroll alipata tafsiri ya Kiswahili mwaka 1940, akiitwa Elisi, wakati shirika la kanisa la London lilipoona ina manufaa kwa shule. Tazama tena nani aliyelipa.

Nakubali kwamba mfasiri wa Harry Potter angekuwa na kazi nzito hapa kuliko yule wa Kilatini. Shule ya wachawi ni mzaha mtamu Edinburgh. Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928 ambayo haijafutwa, na Kanda ya Ziwa wapo vikongwe waliouawa kwa kuwa na macho mekundu tu. Mhubiri wa kwenye daladala asingehitaji kusoma zaidi ya jalada. Ila ugumu huo haujawahi kuzuia kitabu chenye mtu wa kukilipia.

Na kwa riwaya zilizomtangulia Harry Potter, kisingizio cha gharama ya hakimiliki sasa kinapungua. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, na ya Tanzania Bara vilevile, hulinda maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. C. S. Lewis alifariki Novemba 1963, Tolkien Septemba 1973. Kwa hesabu hiyo Narnia imekuwa huru katika nchi hizi tangu mwaka 2014, na The Hobbit tangu 2024, ingawa Ulaya bado wanalipia. Mfasiri mwenye Kiswahili kizuri anaweza kuanza kesho. Akimaliza atakipeleka kitabu kwa mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza atamuuliza kama Taasisi ya Elimu Tanzania, au wenzao wa Kenya wanaosimamia mitaala, KICD, watakikubali kiwe kitabu cha ziada darasani. Jibu likiwa hapana, mswada utarudi kwenye bahasha yake.